Kanda ya Kuzilaza Čvorak

Mheshimiwa Meya, Ndugu Svetozar Ardeljan, Mwenyekiti wa Ushirika wa Maji wa Čapljevo, Baba Jovica, paroko wetu, wanachama wa ushirika na walinzi wa vituo kumi na kimoja vya pampu, wastaafu wa safu ya mbele ambao mmefika hata kabla ya viti, nanyi wasikilizaji wa Radio Čapljevo mlioko majumbani, ambao Jumapili hii mnanipata moja kwa moja kutoka ukumbi wa zimamoto: habari za mchana. Na wewe, Fundi Gojko Terzin, ambaye kadi inasema nikutaje wa kwanza nami nimekutaja wa mwisho, unisamehe, maana mpaka sasa sijui nikuite mgeni rasmi au nikuite mfiwa.

Mimi ni Ljubinka Malešev, mtangazaji. Huu ni mwaka wangu wa thelathini na moja kwenye kipaza sauti, na sijawahi kusimama mbele ya watu nikiwa sielewi nimesimama kwa ajili ya nini. Kadi niliyopewa imeandikwa "Hafla ya Kuaga na Kuzindua". Bango lililo nyuma yangu linasema KARIBU upande mnaouona ninyi, na upande wa pili, kwa wale wanaotoka chooni, linasema KWAHERI. Baba Jovica amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ljubinka, mwanangu, leo nabariki au nazika?" Nikamwambia, "Baba, shika chetezo tu, mambo yatajieleza yenyewe."

Mambo hayajajieleza, ndugu zangu. Nilikuwa nimeandika hotuba mbili, moja ya kuaga, ndefu, yenye machozi katika ukurasa wa tatu, na nyingine ya kusherehekea, fupi, kwa sababu supu ya samaki inapoa. Asubuhi nimezichanganya kwenye mkoba, na sasa sijui ukurasa upi ni wa hotuba ipi. Kwa hiyo nitasema kutoka kichwani, na kichwa changu mnakijua.

Kwanza niwaeleze walioko redioni ninachokiona. Mbele yangu kuna meza yenye kitambaa cheupe. Juu ya meza ipo Čvorak moja, kompyuta yetu, kisanduku cha rangi ya maziwa unachoweza kukibeba kwapani, vibonye vyake vya mpira vimefutika herufi kwa kubonyezwa. Kando yake kuna kinasa sauti cha studio, na ndani ya kinasa sauti kuna kanda. Saa nane kamili, yaani dakika ishirini na tatu kuanzia sasa, natakiwa kubonyeza kitufe. Sauti ya kanda hiyo itapita hewani, itaingia kwenye redio ndogo iliyofungwa kwa utepe juu ya kila Čvorak katika vituo vyote kumi na kimoja, na Čvorak zote zitalala. Hazitasikia tena. Pampu zitabaki chini ya mtambo mpya wa mtandao, ule ulionunuliwa na ushirika, peke yake. Atakayetaka kuziamsha itabidi afungue kisanduku kimoja kimoja na kuchomea waya upya kwa mkono, na mkono unaojua kazi hiyo ni mmoja tu, na leo unastaafu.

Nibonyeze, au nisibonyeze? Mnadhani jambo hili ni rahisi? Hata mimi nilidhani hivyo mpaka Jumatano.

Wageni kutoka mjini huniuliza, inakuwaje mashine ya kutoa maji mashambani isikilize redio? Nasi huwa tunalishangaa swali lenyewe. Isikilize nini kingine? Waliokuwa vijana enzi za ujana wangu wanakumbuka jinsi redio ilivyokuwa ikirusha programu za kompyuta kwa ile sauti ya kukwaruza, sisi tukizinasa kwenye kanda, na mama zetu wakipiga kelele jikoni kwamba redio imeungua. Wengi wetu tulikua tukasahau. Fundi Gojko hakusahau. Mwaka elfu mbili na tano, kila mtu akikimbilia kompyuta za dukani, yeye alijifungia katika karakana ya shule ya ufundi akaunda mpya kabisa kwa mtindo wa zile za zamani. Unaiwasha, inaandika TAYARI, inakusubiri. Haikuulizi neno la siri, haikusumbui kwa matangazo, haiombi kujua uko wapi. Akaiita Čvorak, yaani ndege kwezi, kwa kuwa kwezi naye hujifunza kwa kusikia.

Siku ya kwanza alipoileta mbele ya mkutano wa ushirika, Mwenyekiti wetu, ambaye wakati ule alikuwa mwanachama wa kawaida mwenye nywele, alisimama akauliza, "Gojko, hicho ni chombo au ni sanduku la biskuti?" Gojko akamjibu, "Biskuti tumekula, Sveto. Sanduku nikaona aibu kulitupa." Watu walicheka, lakini kiangazi hicho hicho Čvorak ya kwanza ikafungwa kituo cha nne, na mlinzi wa kituo cha nne akaacha kuamka alfajiri kwenda kuangalia maji kwa fimbo.

Tangu hapo, kila Jumapili saa nane, baada ya salamu za wasikilizaji na kabla ya matangazo ya vifo, mmesikia dakika tatu za kukwaruza. Hiyo ni amri ya wiki: lango lipi lifunguliwe, maji yaingie au yatoke, pampu ipi ipumzike. Wengine mmenipigia simu mkilalamika. Wengine mmenipigia mkisema watoto hawalali mchana bila sauti hiyo. Simu hizo zote nimezipokea kwa heshima.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hamlijui. Kumbukumbu ya Čvorak ni ndogo, haizidi daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Kwa hiyo kila Januari, siku moja baada ya Krismasi yetu ya Kiorthodoksi, walinzi na wakulima walikuwa wakikutana jikoni kwa Gojko, na sheria ya jikoni ilikuwa moja: anayetaka Čvorak ijifunze jambo jipya, aseme kwanza isahau lipi. Mlinzi wa kituo cha tano alitaka ipime mvua. Vizuri, tutoe nini? Tukatoa salamu za mwaka mpya. Wafuga nyuki wakataka iwapimie uzito wa mizinga. Tukatoa wimbo wa kuwashia. Halafu mlinzi wa kituo cha tisa akaomba pampu ikizibwa na majani impelekee ujumbe kwenye simu, na hapo tukabishana mpaka gibanica, ile pai ya jibini, ikaisha kwenye sinia, kwa sababu kilichobaki chote kilikuwa cha lazima. Mwisho Gojko akasema, "Kuna mstari mmoja hauna kazi." Akautoa. Mstari wenyewe ulikuwa jina lake, ambalo mashine ilikuwa ikiliandika kila ikiwashwa.

Ndiyo maana vijana wengi mliomo humu hamjui nani aliiunda. Je, mmewaona mafundi wangapi waliofuta jina lao ili mlinzi mmoja wa pampu apate ujumbe kuhusu majani? Na kwa njia hiyo, jambo moja linaingia na jambo moja linatoka, kisanduku cha biskuti kimewafaa watu wa leo, wenye simu za leo na mvua za leo zisizoeleweka, kwa miaka karibu ishirini. Hakikubaki kama kilivyozaliwa. Kingebaki hivyo, leo tungekuwa tunakitazama kwenye kabati la vioo.

Sasa niusifu mtambo mpya, na hapa ndipo kichwa changu kinapozidi kuzunguka, kwa sababu ni mzuri. Nilijiandaa kuuchukia. Mhandisi Tijana Bugarski, yule pale mwenye skafu ya kijani, alinikalisha chini akanionyesha milango yote ya mifereji kwenye simu yake, mmoja mmoja, kwa rangi, na nikaviona vituo vyote kumi na kimoja bila hata kuvaa miwani. Nikamuuliza, "Na ukikosea, binti?" Akasema, "Nabonyeza hapa, mama, inarudi kama ilivyokuwa." Ni mara ngapi maishani nimekihitaji kitufe hicho?

Basi mtambo mpya ukafungwa, na kwa majaribio Čvorak zikaachwa zikifanya kazi pembeni yake. Mwezi Machi ukavuma upepo wa košava siku nne mfululizo. Siku ya pili mnara wa mtandao ukalala kwenye shamba la mahindi, na skrini ya Tijana ikawa ya rangi moja, kijivu. Mtambo mpya ukanyamaza. Čvorak zikaendelea, kwa sababu antena yetu iko juu ya ghala la nafaka, na ghala la nafaka halijawahi kuangushwa na mtu wala upepo. Siku hiyo Gojko aliniletea kanda ya dharura kwa baiskeli, nikairusha saa tano ya asubuhi katikati ya kipindi cha mapishi, na maji yakatoka. Mwenyekiti alivaa gambuti akatembea vituo vyote kwa miguu kuhakikisha. Nilimwona akipita chini ya dirisha la studio, matope mpaka magotini, uso wake kama wa mtu aliyemkuta ng'ombe wake akisoma gazeti.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Jumatano hii ndipo iliponivurugikia.

Jumatano mchana Mwenyekiti alikuja studioni. Hakuketi. Akashika shika vitu kwenye rafu, akasema, "Ljubinka, hizi kanda zenu huwa zinapotea, eti?"

Nikasema, "Kwangu hazipotei, Mwenyekiti."

"Zinaweza kupotea. Studio ina vitu vingi."

"Subiri kwanza. Unataka nisizilaze Čvorak? Wewe? Wewe uliyezunguka mikutano yote miaka sita ukisema zitupwe kwenye mto Tamiš?"

"Sijasema hivyo. Mimi nimetia saini, siwezi kusema hivyo. Nasema tu studio ina vitu vingi." Akaenda mpaka mlangoni, akageuka. "Mwezi Machi niliona kwa macho yangu. Mashine ile ilinizamishia vitunguu, Ljubinka, hekta tatu. Lakini nimeisamehe. Mtu akizeeka anasamehe hata mashine."

Pole, Mwenyekiti, kwa kuyasema hewani. Wasikilizaji, hamuoni jinsi alivyoiva usoni, lakini nimekwisha kuwaambia. Mwenyekiti, kaa kidogo, sijamaliza, na yajayo ni mabaya kwangu kuliko kwako.

Kesho yake, Alhamisi, akaja Fundi Gojko. Kanda aliifunga ndani ya soksi safi isipate vumbi. Akaiweka juu ya meza yangu akasema, "Hii hapa. Jumapili saa nane. Irushe yote, usiikate."

Nikamwambia, "Fundi, sikiliza, mambo yamegeuka. Ardeljan mwenyewe hataki zilale."

"Najua. Alikuja nyumbani na chupa ya rakija. Nimeinywa, nimemkatalia."

"Umemkatalia nini, mtu wa Mungu? Si ndicho ulichokipigania miaka yote?"

Akakaa, akalinyoosha lile goti lake linalomuuma. "Ljubo, nina miaka sitini na saba. Nikiteleza kesho kwenye ngazi ya kituo cha nne, nani anajua kwa nini Čvorak ya kituo cha nne huchelewa kidogo kuitika? Nani anajua ni waya upi? Mashine inayojulikana na mtu mmoja haiwafai watu. Mtambo wa yule binti unajulikana na watu mia, wakishindwa wanapigiana simu. Mnaniita mtunzaji. Mimi ni spea ya mwisho tu, na nimechoka kuwa spea."

"Ulishawahi kumwomba mtu akae ajifunze?"

"Baada ya vitunguu?" akasema. "Nani angekuja?"

Akaenda zake. Akaniacha na kanda ndani ya soksi. Mmeona sasa? Aliyetaka zitupwe anataka zibaki, aliyeziunda anataka zilale, na mkono wa kubonyeza ni wangu. Tangu Alhamisi sijala vizuri. Jana nimemimina chumvi kwenye kahawa nikainywa yote bila kujua. Na kadiri nilivyozidi kufikiri, ndivyo neno lile moja lilivyozidi kunichoma: baada ya vitunguu.

Ni kweli. Ile mikutano ya Januari jikoni ilikoma miaka sita iliyopita. Januari iliyofuata baada ya vitunguu, Gojko aliandaa viti tisa, akaoka mkate, akakaa peke yake. Wazazi wakawakataza vijana kwenda kwake. Mashine iliyozamisha mali ya watu, nani anataka mwanawe ajifunze mashine hiyo? Ndipo ushirika ukaanza kutafuta mtambo mpya. Yote yalianzia kwenye vitunguu vya Mwenyekiti.

Sasa nitawaambia kilichovizamisha, na naomba asiwepo mtu wa kuzima kipaza sauti hiki.

Ilikuwa Juni, mnakumbuka, ukame kwanza, halafu habari za dhoruba. Amri ya Jumapili iliyotangulia ilikuwa kuingiza maji mashambani. Amri ya Jumapili ile, ambayo Gojko aliiandaa kwa sababu ya dhoruba, ilikuwa kuyatoa. Na siku ile Bibi Persida wa mtaa wa Kinu alikuwa anatimiza miaka themanini, amepiga simu mara tatu kuuliza salamu zake zitasomwa lini, nami nikazisahau. Saa nane ikafika, nikaiwasha kanda. Kanda hizi huanza na mluzi mrefu, kisha ndipo kunakuja kukwaruza. Nikawaza, mluzi huu si hauna kitu? Hapa pana nafasi. Nikafungua kipaza sauti juu yake nikasema, "Na Bibi Persida wa mtaa wa Kinu leo ana miaka themanini, watoto, wajukuu na vitukuu wanamtakia afya na maisha marefu." Jina lake ni fupi, lakini ukoo wake ni mkubwa. Niliposema vitukuu, kukwaruza kulikuwa kumekwisha kuanza.

Basi Čvorak zote kumi na moja zikasikia amri inayoanza na vitukuu vya Bibi Persida. Na Čvorak ina adabu ambayo mimi sina: isichokielewa, haikibuni. Inakikataa, inashika amri ya mwisho iliyoielewa. Amri ya mwisho ilikuwa kuingiza maji. Dhoruba ikaja kama ilivyotabiriwa, milango ikiwa wazi, na Jumatatu asubuhi vitunguu vya Svetozar Ardeljan vilikuwa vinaelea.

Hazikukosea mashine. Hakukosea Fundi. Nilikosea mimi.

Tulieni. Tulieni, tafadhali. Mheshimiwa Meya, nakuomba unisaidie kuwatuliza. Nimelikalia jambo hili miaka sita, mnipe dakika sita.

Fundi Gojko alijua. Yeye hunasa nyumbani kila kinachorushwa, na Jumanne yake alikuja studioni na kanda hiyo. Nilianza kulia kabla hajafungua mdomo. Alichokisema cha kwanza ni, "Umemtakia vizuri bibi wa watu. Themanini si mchezo." Nikamwambia nitasimama mkutanoni niseme ukweli. Akanikataza. Akasema, "Redio ni ya ushirika, ukisema watakuondoa, Ljubo, na atakayekuja hatajua hata kwamba mluzi ni sehemu ya amri. Mashine haina watoto wa kulisha, na mashine haifukuzwi kazi. Acha waitukane." Akaenda mkutanoni, mlikuwepo, akasimama mbele yenu akasema, "Kosa ni la Čvorak, na Čvorak ni yangu." Mlimzomea. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni nikirekodi mkutano kwa ajili ya habari, na nikanyamaza, kwa sababu niliogopa, na kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi. Sina neno zuri zaidi la kulipamba.

Fundi, kwa mambo yote uliyoyajua maishani, hapo ndipo ulipokosea. Mashine nayo hufukuzwa kazi. Leo ndiyo siku yake, na mnaona, hata bango imetundikiwa.

Kwa hiyo swali langu la Alhamisi sasa nimelielewa nusu. Sijui bado kama mtambo wa zamani ni bora au mpya ni bora. Mwenye kujua hilo aje atufundishe. Labda vyote viwili vikae pamoja kama vilivyokaa Machi, kimoja kikinyamaza kingine kiseme. Lakini kuilaza Čvorak kwa sababu hakuna anayetaka kujifunza, na hakuna anayetaka kujifunza kwa sababu ya kosa nililolitenda mimi, hapana. Kidole changu hakitafanya kazi hiyo bila kuwauliza kwanza.

Nawauliza basi. Saa ya ukutani inasema zimebaki dakika nne. Fundi Gojko anasema mashine ya mtu mmoja haiwafai watu, na ana haki. Nataka watatu. Watatu watakaokwenda jikoni kwake kuanzia kesho, waijue Čvorak waya kwa waya, mpaka yeye aweze kulala kitandani na goti lake bila kuwaza kituo cha nne. Mmoja ni mimi. Nina miaka hamsini na tisa, sijawahi kushika chombo cha kuchomea waya, na nikikishika nitajichoma. Wawili wanabaki. Wasipopatikana mpaka saa nane, nitabonyeza kama Fundi alivyoniagiza, kwa sababu mashine ni yake na neno ni lake.

Msinitazame mimi. Tazamaneni.

Fundi anatikisa kichwa. Wasikilizaji, Fundi Gojko anatikisa kichwa, kofia iko magotini, hamtazami mtu.

Amesimama mmoja. Tijana? Binti, wewe si wa upande wa mtambo mpya? Sema kwa nguvu, kipaza sauti hakikufikii. Anasema, "Mwezi Machi mtambo wangu ulikufa na wa kwake ulikuwa hai. Nataka kujua kwa nini." Haya. Tijana Bugarski ni wa pili. Mpeni makofi, jamani, mbona mmekauka?

Mmoja anabaki. Dakika mbili.

Walinzi wa vituo, nawaona mnatazama viatu. Wastaafu, nawapenda, lakini mikono yenu inatetemeka kuliko yangu. Dakika moja na nusu.

Mwenyekiti amesimama. Ndugu Mwenyekiti, kama unatoka nje nakuelewa, na kama unakuja kunitoa mimi nakuelewa zaidi. Wasikilizaji, anakuja mbele. Uso wake siufahamu, sijawahi kuuona huu. Amenipita. Hakunitazama. Amesimama mbele ya Fundi Gojko. Nawasogezea kipaza sauti, maana haya ni ya kwenu wote.

"Miaka sita, Gojko. Miaka sita nimekusema kila meza ya kila mkahawa."

"Nilisikia."

"Ungeniambia."

"Ungemfukuza."

"Ningemfukuza siku ile ile!"

"Basi, ndiyo hivyo."

Mwenyekiti amevua miwani anaifuta kwa tai. Amenigeukia sasa. "Wewe tutazungumza, Ljubinka." Sawa, Mwenyekiti, tutazungumza, popote utakapo, na nitaleta mkoba wangu nikiwa tayari kuondoka. Amemgeukia tena Fundi. "Kesho saa ngapi?"

Wasikilizaji, sina hakika kama mmesikia. Svetozar Ardeljan ameuliza, kesho saa ngapi.

Fundi Gojko ameinama. Mabega yanatikisika, na mimi niliye karibu naye siwezi kuwaambia anacheka au analia, kwa kweli siwezi. Sasa ameinua kichwa. Anasema, "Saa mbili asubuhi. Kila mtu na daftari lake. Penseli, Sveto, si kalamu, utafuta sana." Na kwangu anasema, "Ljubo, itoe hiyo kanda. Inachakaa humo bure."

Nimeitoa.

Mheshimiwa Meya, Baba Jovica, Mwenyekiti, wageni wote mlioalikwa na wale mliokuja wenyewe, hii haikuwa hotuba mliyoniagiza, na bado sijui ilikuwa ya kuaga au ya kukaribisha. Kwa Fundi Gojko Terzin nasema asante kwa miaka sita ambayo sikustahili kupewa. Kwenu mlioko ukumbini na mlioko majumbani nasema asanteni kwa masikio yenu, ambayo leo yamevumilia mengi. Hapa ni ukumbi wa zimamoto, Čapljevo. Ni saa nane na dakika moja, na sijabonyeza.